Mkalimani wa Jela ya Watoto

Wajukuu wangu huwaleta wenzao wa shule hapa nyumbani Langas waje kunisikiliza nikieleza Sisibo ya Makaburu. Ndivyo tulivyouita mji wa Eldoret wakati huo. Nawaeleza magari ya ng'ombe yaliyokwama kwenye tope siku tatu, kipande, kile kitambulisho cha kazi, kilichoning'inia shingoni mwa baba yangu, na duka ambalo mtu mweusi alinunulia dirishani kama mwenye ukoma. Wananisifu kwa kumbukumbu. Hili la jela ya watoto sijawahi kuwaeleza, na sitawaeleza. Naliandika tu, maana mkono hauna haya kama mdomo.

Vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha. Mimi nilikuwa mke wa karani wa reli, kijana, nguo zangu zimepigwa pasi hata za ndani, na nilikuwa nimeokoka. Nalitaja hilo la pasi kwa sababu linanieleza nilivyokuwa kuliko hilo la kuokoka.

Nyuma ya boma la serikali palikuwa na mabanda mawili ya mabati yaliyozungushiwa seng'enge. Humo walifungwa wavulana waliotoroka kazi mashambani, waliopoteza ng'ombe wa Mzungu, na waliokutwa mjini bila barua ya ruhusa. Wengine walikuwa wadogo hata kaptura za jela ziliwafika kwenye vifundo vya miguu. Kutwa walivunja kokoto za barabara, na aliyechelewa kujaza debe lake alipigishwa magoti juu ya hizo hizo kokoto mpaka wenzake wamalize kula. Jumapili hawakuvunja kokoto. Jumapili walituvumilia sisi.

Tulikuwa watu sita wa kanisani, wote wenye asili ya upande wa magharibi, makarani, maseremala na wake zao. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu wa kanisa, mwanamume mrefu aliyeacha tumbaku na hakutaka mtu yeyote asahau kwamba aliacha. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya ulimi wangu. Baba alikuwa mwendesha magari ya ng'ombe katika shamba la Kaburu njia ya Cheptiret, nami nilizaliwa na kukulia huko katikati ya watoto wa Kinandi, nikacheza kwa lugha yao na kutukana kwa lugha yao. Wavulana wengi wa jela walikuwa Wanandi wachungaji, Kiswahili chao ni "leta" na "toka" tu. Mwalimu alihubiri kwa Kiswahili, mimi nikageuza. Wao wakisema, nikageuza kwa Kiswahili. Watu walisema siangushi hata neno moja. Nilipenda sana kusifiwa hivyo, na wala sikuwa nimewahi kuungama kwamba napenda.

Lazima nieleze kuungama kwetu, la sivyo hamtaelewa. Sisi tuliookoka tulikuwa na desturi ya kusimama mbele ya ushirika na kuzitoa dhambi zetu hadharani, moja moja, kwa jina. Kusema "nimekosa" hakukutosha. Ulitakiwa useme uliiba nini, wapi, na ulikuwa na nani. Ukificha mwenzako, toba yako ilikuwa ya nusu, na nusu toba tuliichukia kuliko dhambi nzima. Kati yetu sisi wenyewe desturi hiyo ilikuwa na faida zake. Mtu aliungama kwamba alimwibia jirani kuni, jirani akasamehe, wote wakaimba. Aliyesikia hakuwa na kiboko wala ufunguo wa mlango. Hatukuwahi kulifikiria hilo. Tuliichukua desturi yetu ya sebuleni, tukaiingiza ndani ya seng'enge kama ilivyo.

Katika banda la pili kulikuwa na mvulana mmoja aliyekuwa mkaidi kwa kimya. Miaka yake hakuna aliyeijua, labda kumi na minne. Alitoroka kazi ya kuchunga kwenye shamba la Kaburu karibu na Chepsaita kabla mkataba wake haujaisha, akakamatwa njiani. Wenzake walikariri Baba Yetu ili wapewe kipande cha sukari guru tulichowapelekea. Yeye hakukariri wala hakunyoosha mkono. Alikaa mwisho wa mstari akiyatazama mabati. Nilimchukia kidogo, kisha nikamtamani, jinsi mwindaji anavyomtamani mnyama asiyenasika. Nilijiambia ni upendo wa roho yake.

Mama yake alikuja kila Jumapili. Alitembea kutoka Chepsaita, akafika mchana, akasimama nje ya seng'enge na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa kwa majivu ya mti, yale ambayo Mnandi akiyakosa husema hajala. Askari wa lango, mtu wa mbali asiyejua lugha ya hapa, alimwambia kila mara maneno yale yale: "Mama, hiyo kibuyu hapana ingia." Basi mimi nikawa ninakichukua, namimina mursik ndani ya kikombe chetu cha kanisa, nampelekea mwanawe pamoja na salamu. Sisi watu wa dini hatukupekuliwa. Mama huyo alinishika mikono yote miwili kila nilipomrudishia kibuyu. Aliniita mwanangu.

Na hapa naanza kusema ubaya wangu. Yule mvulana alipokataa kuomba, nilimnyima kikombe. Nilikaa nacho mbele yake, nikamwambia, "Funga macho kwanza tuombe." Akatazama mabati. Nikarudi na kikombe, nikawapa wengine. Nilifanya hivyo Jumapili mbili, na ya tatu akafunga macho. Nilimwambia mwalimu kwamba Roho ameanza kazi.

Kifungo chake kilikuwa kimebakiza Jumapili tatu. Siku hiyo mama yake alinishika mkono kupitia seng'enge, akanivuta karibu hata mwiba wa waya ukanishika gauni, akasema kwa Kinandi, taratibu, mtu asije akasikia:

"Mwambie mwanangu afunge mdomo. Wamuulize wasimuulize, afunge mdomo amalize siku zake. Baada ya mavuno wenzake wanaingia jandoni. Asipokuwepo atakaa mtoto peke yake. Mwambie ni mimi nimesema. Afunge mdomo, arudi nyumbani."

"Nimesikia, Mama," nikasema.

Sikumwambia. Nilitembea kutoka kwenye seng'enge mpaka bandani nikiupima ujumbe huo, nikauona umejaa shetani pande zote mbili. Kufunga mdomo ndiko tulikokuwa tukipigana nako. Na jando la kipagani, na ngoma zake na viapo vyake, kanisa letu lilikuwa limelikataza. Nikajiuliza, mimi niliyeokoka nipeleke maneno kama hayo kwa roho inayokaribia kufunguka? Nikampa kikombe, nikasema, "Mama yako anakusalimu." Alinitazama, akangoja kama mtu anayejua kuna kingine. Hakikuja. Kunyamaza hakukuwemo kwenye orodha yetu ya dhambi, basi nililala vizuri.

Wakati huo Bwana Mkubwa wa jela alikuwa ametuchoka. Alikuwa Mwingereza mwenye masharubu ya rangi ya kutu, si mkali wa maneno, mkali wa kalamu. Alimwita mwalimu akamwambia kwa Kiswahili chake cha shambani, "Nyinyi naimba, naimba, lakini hii toto hapana badilika. Mimi nafunga hii maneno yenu." Mwalimu akaogopa. Jela ilikuwa fahari yetu, makanisa mengine hayakuwa na jela. Akamjibu, "Bwana, njoo Jumapili ijayo ukae nasi. Utaona kijana mmoja aliyebadilika." Halafu akaja nyumbani kwangu, akanywa chai yangu, akaniuliza ni yupi aliye tayari. Nikasema ni yule wa mwisho wa mstari.

Juma lile lote nilipata ruhusa ya kumwona. Nilikaa naye juu ya lundo la kokoto, nikamweleza moto. Niliueleza vizuri, maana Kinandi kina maneno mazuri ya moto. Nilimwambia anayeungama yote husamehewa yote, hubaki mweupe. Akaniuliza swali moja tu katika siku zote hizo.

"Nikisema, nitakwenda nyumbani?"

"Utakwenda nyumbani," nikasema. Mimi nilimaanisha mbinguni. Sasa hivi nikikumbuka jinsi nilivyomaanisha mbinguni, natamani kujipiga kofi.

Jumapili ikafika. Bwana Mkubwa alikaa kwenye kiti cha turubali, karani wake amesimama nyuma na daftari, maana Wazungu wa serikali hawakwenda popote bila daftari, hata kwa Mungu. Wavulana walikaa chini kwa mistari. Tukaimba. Mwalimu akahubiri habari za mwana mpotevu, nami nikageuza, sauti yangu ikiwa imenyooka na nzuri. Kisha akamwita yule mvulana.

Alisimama. Magoti yake yalikuwa na makovu ya kokoto. Akaanza polepole, nami nikamfuata nyuma kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi.

"Nilitoroka kazi."

"Anasema alitoroka kazi."

Bwana Mkubwa akaitikia kwa kichwa, hilo alikuwa nalo tayari.

"Kabla ya kutoroka, nilichukua kondoo wawili wa yule Mzungu."

Hapo nilisita. Habari za kondoo wale zilikuwa zimefika hata mjini. Kaburu alidhani ni fisi, akatega nyama yenye sumu, ikaua mbwa wawili wa jirani yake, wakagombana hadi bomani. Watu walicheka sana. Hakuna aliyemfikiria mtoto wa kuchunga. Na wizi wa mifugo wakati ule haukuwa kosa dogo, kwa wizi wa mifugo familia nzima ingeweza kufukuzwa shambani. Niliyajua hayo yote. Nilikulia shambani, hakuna wa kunifundisha.

Mvulana alikuwa ananitazama mimi, si Bwana Mkubwa. Hakujua Kiswahili. Ningeweza kusema, "Anasema aliiba muwa." Ningeweza kusema, "Anasema alimtukana mama yake." Katika banda zima lile, wenye kujua lugha zote mbili walikuwa mimi na Mungu.

"Anasema aliiba kondoo wawili wa Kaburu," nikasema. Kalamu ya karani ikaanza kukwaruza.

Mwalimu uso ulimng'aa. Toba kubwa namna hiyo hatukuwa tumewahi kuipata. Akasogea mbele, akauliza lile swali letu la siku zote, lile tulilouliza sebuleni juu ya kuni na maharagwe: "Ndugu, usibakishe kitu. Ulikuwa na nani?"

Niligeuza. Mvulana akatazama mabati. Nikarudia, na juu yake nikaongeza langu mwenyewe, "Sema yote, ndipo utakwenda nyumbani."

Akasema mama yake alipika nyama. Akasema walikuwa na njaa, posho ya juma ilikuwa imekatwa kwa sababu ndama mmoja alipotea, na wadogo zake walikuwa wanalia. Akasema mama yake alizifukia ngozi chini ya ghala la mahindi.

Nawaambia kweli, niliona mlango uko wazi, na niliona mwanamke yule akitembea njia ya kutoka Chepsaita na kibuyu chake. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi ndiye mkalimani asiyeangusha hata neno moja. Kusema uongo mbele ya madhabahu, ingawa madhabahu yenyewe ilikuwa sanduku la sabuni, niliona ni kuiuza roho yangu. Roho yangu niliipenda mno. Nikageuza. Niligeuza yote, pamoja na ghala, pamoja na ngozi. Ile habari ya njaa niliitaja mwisho, na karani hakuiandika.

Tukaimba wimbo wa ushindi. Bwana Mkubwa alimpa mwalimu mkono, akasema, "Mzuri. Mzuri sana." Mvulana alibaki amesimama, akiwa na uso ambao sikuwa nimewahi kuuona kwake, uso mwepesi. Aliamini amemaliza.

Nilipotoka, mama yake alikuwepo kwenye seng'enge. Alikuwa amesikia nyimbo, akaniuliza kulikoni leo. Ilikuwa saa nane mchana. Askari wa bomani hawakuenda Chepsaita hadi kesho yake asubuhi. Kama ningemwambia, "Mama, kimbia ukachome zile ngozi," angefika kabla jua halijatua, na karatasi ya karani ingebaki maneno ya mtoto. Nilijiuliza hapo hapo kama si kusaidia kuficha dhambi. Nikajijibu kwamba ndiyo.

"Mwanao ameokoka," nikamwambia.

Alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayepewa zawadi asiyojua matumizi yake. "Na mdomo?" akauliza. Nikajifanya naitwa na wenzangu. Nikaondoka na kibuyu chake, sikukirudisha, kwa mara ya kwanza.

Jumatatu walichimba chini ya ghala. Jumanne mvulana alipigwa viboko kumi na viwili mbele ya wenzake wote waliopangwa kwa mistari ile ile ya ibada. Nyumba ya reli niliyokaa haikuwa mbali. Nilihesabu mpaka saba, nikaenda kuwasha redio ya mume wangu. Jumatano alipandishwa treni kupelekwa shule ya wakosaji huko chini, karibu na Nairobi, miaka mitatu. Mwalimu alisema tumwombee, shuleni huko kuna kanisa zuri.

Alhamisi nilikwenda bomani kulipia kibali cha baiskeli ya mume wangu. Barazani waliketi wanawake wawili waliofungwa pingu moja. Mmoja alikuwa yeye. Alikuwa amehukumiwa asubuhi hiyo, miezi sita, na boma lake lilikuwa limekwisha kuchomwa kwa amri ya Kaburu. Wanawe wadogo walikuwa kwa ndugu, au njiani, hakujua. Nilitaka kupita. Aliniona, akaniita kwa Kinandi, kwa sauti ile ile ya taratibu.

"Mwanangu. Njoo."

Nikaenda, nikasimama. Hakunilaumu. Hakujua cha kunilaumia. Tangu akamatwe Jumatatu kila kitu kilisemwa kwa Kiingereza na Kiswahili, yeye aliambulia tu kwamba mwanawe ndiye aliyesema. Alikuwa amekaa siku tatu na jambo hilo moja.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," akasema. "Ulimpa ujumbe wangu?"

Nilimtazama. Mimi, niliyeshindwa kumgeuza kondoo kuwa muwa ili kumwokoa mtoto, sikuhitaji hata kumeza mate.

"Nilimpa," nikasema.

"Wote?"

"Wote, Mama. Neno kwa neno."

Yule mwanamke mwenzake wa pingu alijikuna, mkono wa mama ukainuka pamoja na wake. Kisha mama akasema, "Basi alijua nimemkataza."

"Alijua," nikasema.

"Kibuyu changu kiko kwako."

"Kiko kwangu. Nitampa mtu anayekwenda huko chini ampelekee mwanao, na salamu."

"Usimpelekee," akasema. "Mpe mtoto mwingine." Akageuza uso akaangalia barabara, nami nikaingia ndani kulipia baiskeli.

Jumapili iliyofuata katika ushirika nilisimama nikaungama. Niliungama kwamba jirani aliniomba chumvi nikamwambia imekwisha, na kumbe ilikuwepo. Jirani mwenyewe alikuwepo, akalia, tukakumbatiana, na watu wakaimba mpaka bati likatetemeka. Mwalimu alisema ushuhuda wa dada yetu ni mfano wa moyo usioficha kitu.

Ile jela tuliendelea kwenda, maana Bwana Mkubwa alitupa kibali cha mwaka mzima. Miezi sita ilipopita, askari wa lango alinisimamisha siku moja, akaniambia yule mama wa kibuyu ametoka kifungoni. Alimwona asubuhi akipita mbele ya lango hilo na kifurushi chake, akishika njia ya kwenda mbali, si ya Chepsaita. Nikamuuliza kama alisimama, kama aliuliza mwanawe kapelekwa wapi, maana shule ile ilikuwa na anwani, hata mimi nilikuwa nayo kwenye Biblia yangu.

"Hapana, Mama," askari akasema. "Mimi nasema 'Jambo', yeye naitika, halafu napita. Hiyo mama hapana uliza kitu."